Kanali mstaafu anagombea bodi ya chama cha wahitimu: aanzie wapi, na huangushwa na nini

Swali: Nimestaafu jeshi nikiwa luteni kanali baada ya miaka 24, sehemu kubwa nikiwa kwenye ugavi na mafunzo. Chama cha wahitimu wa chuo kikuu nilichosoma kitachagua wajumbe watatu wa bodi baada ya miezi minne. Ada nimelipa, lakini sijawahi kushika nafasi yoyote kwenye chama. Je, nitumie cheo changu? Nianzie wapi, na watu kama mimi huangushwa na nini?

Jibu: Kanali, cheo chako kitalifanya jina lako likumbukwe, lakini kura zitatoka kwingine. Mwanachama anayefungua karatasi ya kura ana wasifu wa watu sita au saba mbele yake na dakika chache za kuupitia. Anachotaka kujua ni kimoja: huyu akiingia, chama kitafanya nini ambacho leo hakifanyi? Maafisa wastaafu wengi huandika ukurasa mzima kueleza walikotoka, kisha wanashangaa kuona mhasibu asiyejulikana amewapita. Miezi hii minne itumie kugeuza utumishi wako uwe jibu la lile swali la mwanachama.

Katiba kabla ya kampeni

Omba kwa katibu katiba ya chama na kanuni za uchaguzi, toleo linalotumika sasa. Usitegemee nakala inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sababu vifungu hubadilishwa kwenye mkutano mkuu na nakala ya zamani huendelea kusambazwa kwa miaka.

Anza na sifa za mgombea. Kulipa ada ya mwaka huu kunaweza kusitoshe. Vyama vingine vinataka uwe umelipa miaka miwili au mitatu mfululizo, vingine vinahesabu tangu siku ya malipo badala ya mwaka wa malipo, na vingi vinamtenga mwanachama wa heshima na haki ya kugombea. Kusanya stakabadhi zako, kisha mwandikie katibu barua pepe ya sentensi moja ukiuliza kama hadi leo una sifa ya kupiga kura na ya kugombea. Jibu lake litunze.

Mtu aliyehamishwa vituo kwa miaka 24 ana tatizo ambalo wagombea wengine hawana. Anwani iliyo kwenye daftari la chama ni ya kambi aliyoiacha zamani, barua pepe ni ya kazini na ilifungwa siku aliyostaafu, na jina analotumia sasa lina mpangilio tofauti na lile la kwenye cheti. Rekebisha yote matatu kabla daftari la wapiga kura halijafungwa. Barua pepe mbovu inakunyima karatasi yako ya kura tu, lakini jina lisilolingana na cheti linaweza kukuengua.

Kisha tazama njia ya kuingia kwenye orodha ya wagombea. Kwa kawaida ziko mbili: kupendekezwa na kamati ya uteuzi, au kukusanya saini za wadhamini. Chama chako kinaweza kuwa na moja au zote. Kamati ya uteuzi hutazama bodi inapungukiwa nini: mtu wa fedha, mwanasheria, kijana aliyehitimu karibuni, mwakilishi wa tawi la mbali. Kwa hiyo barua yako kwao isiwe historia ya utumishi. Orodhesha wajumbe wanaobaki na taaluma zao, tafuta pengo, na uonyeshe kwamba ugavi au mafunzo yanaliziba.

Njia ya saini inahitaji uangalifu zaidi. Kanuni zikitaka saini 20, kusanya 30, kwa sababu baadhi zitakataliwa: mdhamini hajalipa ada, au amesaini kwa jina la ndoa wakati daftari lina jina la shule, au amewadhamini wagombea wengi kuliko kanuni zinavyoruhusu, au amesaini kwenye karatasi isiyo fomu rasmi. Kila anayekusainia, hakiki jina lake kwenye daftari siku hiyo hiyo. Ukingoja hadi mwisho hutakuwa na muda wa kuziba mapengo.

Kujulikana hakuokoi mtu hapa. Mwaka 2024, wagombea wanne waliowahi kutumikia jeshi walijaribu kuingia kwa saini kwenye uchaguzi wa baraza la waangalizi la Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, lenye wajumbe 30 wanaochaguliwa na wahitimu. Bilionea Bill Ackman aliwaunga mkono hadharani. Kila mmoja alihitaji saini 3,238, na hakuna aliyezifikisha, kwani kampeni yao ilianza wiki chache tu kabla ya siku ya mwisho. Njia yenyewe pia hubadilika. Chuo cha Dartmouth, pia cha Marekani, kilikuwa kikidai saini 500, na kati ya 2004 na 2007 wagombea wanne walioingia kwa saini walishinda mfululizo. Mwaka huo huo wa 2007 bodi ya chuo iliamua kuongeza viti vinane vya kuteuliwa, nguvu ya viti vya kuchaguliwa ikapungua. Chuo Kikuu cha Yale, nacho cha Marekani, kiliifuta kabisa njia ya saini mwaka 2021. Hizo ni bodi za vyuo na wewe unagombea bodi ya chama, lakini chama chako nacho kina mamlaka ya kubadilisha masharti mkutano hadi mkutano. Ndiyo maana nasisitiza toleo la sasa.

Mambo mengine ya kutafuta kwenye kanuni ni mafupi: kama kuna viti vilivyotengwa kwa mikoa, vitivo au miaka ya kuhitimu, kama kuna kikomo cha matumizi ya kampeni, nani anaruhusiwa kutumia orodha ya anwani za wanachama, kama kura ya uwakilishi (mwanachama kupiga kwa niaba ya mwenzake aliyemtuma) inakubalika, na muda wa kukata rufaa matokeo yakitangazwa. Lile la orodha ya anwani liangalie kwa makini. Mgombea aliyepewa orodha hiyo kisirisiri na rafiki aliyeko ofisini anavunja kanuni za chama na, katika nchi nyingi, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi.

Hesabu ya kura

Hapa ndipo mafunzo yako ya mipango yanapofaa kuliko popote, na ajabu ni kwamba wagombea wachache sana huketi kupiga hesabu. Uliza katibu mambo matatu ya uchaguzi uliopita: wanachama wangapi walikuwa na haki ya kupiga kura, wangapi walipiga, na kila mgombea alipata ngapi. Kwa kawaida matokeo hayo yamo kwenye kumbukumbu za mkutano mkuu, na mwanachama anaweza kuomba kuyaona.

Tuchukue mfano. Chama kina wahitimu 8,000, waliolipa ada ni 2,400, na waliopiga kura ni 240. Nafasi ni tatu, kila mpiga kura anaruhusiwa kuchagua hadi watu watatu, na wagombea ni saba. Kura zingeweza kufika 720, lakini wengine huchagua mmoja au wawili, hivyo tuseme zimepigwa 600. Wastani ni kura 85 hivi kwa mgombea. Ukifikisha 151 umeingia kwa vyovyote, maana watu wanne hawawezi wote kupata 151 ndani ya kura 600. Kiwango kitakachotosha kuingia mara nyingi kitakuwa kati ya namba hizo mbili, na mimi ningelenga 120.

Angalia jinsi picha inavyobadilika. Wahitimu 8,000 wanatisha. Watu 120 unaweza kuzungumza nao mmoja mmoja. Ahadi ya kura na kura ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo ukitaka 120 andaa orodha ya majina 200. Igawe hivi: waliohitimu mwaka wako, kisha miaka miwili juu yako na miwili chini yako, kwa kuwa hao ndio waliokuona chuoni, waliosoma kitivo chako, mliolala bweni moja, wanachama wa tawi la unakoishi sasa, na maafisa wenzako waliosoma chuo hicho hicho. Hili kundi la mwisho ndilo wagombea wa aina yako hulitegemea kupita kiasi. Wanakupenda, watakupigia simu za pongezi, lakini wengi wao hawajalipa ada. Wakumbushe walipe kabla daftari halijafungwa, kila mtu kwa fedha yake. Usimlipie hata mmoja, hata kama ni rafiki wa miaka 30. Kumlipia mtu ada ili akupigie kura ni kununua kura, na katika chama kidogo habari hiyo husambaa siku hiyo hiyo.

Jua pia mfumo wa kura. Katika mfumo wa mfano wetu, kila kura ya pili na ya tatu anayopiga rafiki yako inamwinua mshindani wako. Kama kanuni zinamruhusu mtu achague mmoja na kuacha nafasi nyingine wazi, watu wako wa karibu kabisa waambie hivyo. Lakini soma kwanza: vyama vingine huiharibu karatasi isiyojazwa nafasi zote, na ushauri huo ungekugharimu kura zako zilizo bora. Kama mfumo ni wa kupanga wagombea kwa namba, mwombe hata mfuasi wa mwenzako akuweke wa pili. Kura za pili huamua kiti cha mwisho mara nyingi, na kuziomba kunahitaji usiwe umemgombeza mtu yeyote.

Cheo, picha na sare

Tumia cheo mara moja, kwenye mstari wa jina: Luteni Kanali (Mstaafu), kisha jina lako kama lilivyo kwenye cheti. Neno "mstaafu" lisiachwe hata mara moja, hata kwenye ujumbe wa simu. Ukiliacha unatoa picha kwamba bado uko kazini, au kwamba jeshi liko nyuma ya ugombea wako. Nchini Marekani kanuni za wizara ya ulinzi zinamruhusu mstaafu kutumia cheo chake kwa sharti kwamba kustaafu kwake kuonekane wazi na asitoe taswira ya kuungwa mkono na jeshi. Majeshi mengine yana masharti yao, na yako yamo kwenye barua ya kustaafu au kanuni za utumishi. Ulizia kwa maandishi kabla ya kuchapisha chochote.

Picha ipigwe ukiwa na nguo za kiraia. Sare ya mstaafu, pale inaporuhusiwa, ni ya sherehe na maadhimisho kama harusi, mazishi na kumbukumbu za kitaifa, na kuivaa kwenye kampeni ni kutafuta maswali. Medali ziache. Majina ya operesheni, vikosi na idadi ya askari uliowaongoza yaache pia. Kiapo cha kutunza siri hakikomi utumishi ukiisha, na mpiga kura hayahitaji.

Kuna jambo la hisia ambalo si la kanuni. Baadhi ya wanachama watakuheshimu zaidi kwa sababu ya cheo. Wengine watajiuliza kama utawasikiliza au utawaamrisha, na kama jeshi limewahi kutawala nchi yao, au kuingia chuoni wakati wa migomo, shaka hiyo ina mizizi. Huwezi kuifuta kwa maneno. Unaipunguza kwa namna unavyouliza maswali, unavyochelewa kukatiza, na kwa aina ya watu wanaokudhamini. Wadhamini wako wawili wakuu wasiwe maafisa. Chagua mmoja aliyehitimu ndani ya miaka mitano au sita iliyopita, na mmoja anayeheshimika kwenye chama kwa kazi aliyoifanya humo. Ukigombea chama cha wahitimu wa chuo cha kijeshi mambo yanageuka: pale kila mtu ana cheo, na chako hakikutofautishi na yeyote.

Soma hesabu za chama

Pata hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Katika vyama vilivyosajiliwa Marekani kama asasi zisizotafuta faida, taarifa ya mwaka inayoitwa Fomu 990 ni ya wazi na chama kinapaswa kumwonyesha yeyote anayeiomba kwa miaka mitatu ya karibuni. Kwingineko utazipata kwenye makabrasha ya mkutano mkuu. Ukiwa mtu wa ugavi, utaona haraka kuliko wengi. Tafuta mambo haya: waliolipa ada wanaongezeka au wanapungua, matumizi ya ofisi yanakula sehemu gani ya ada, fedha za ufadhili wa wanafunzi zilizochangwa kwa jina hilo zimetumika kwa kazi hiyo au zimechanganywa na akaunti ya kawaida, michango iliyoahidiwa imeingia au imebaki kwenye vitabu, na mkaguzi ameandika nini kwenye barua yake kwa bodi, ukiweza kuipata.

Chagua tatizo moja unaloliona mwenyewe kwenye hesabu hizo. Moja. Lifanye ndilo hoja yako ya kugombea. Usilitangaze kama kashfa. Aliyeandaa hesabu hizo huenda ni mtu wa kujitolea anayependwa, na kesho utaketi naye meza moja.

Maelezo ya maneno 200

Vyama vingi hutoa nafasi ya maneno 150 hadi 250. Maneno yakizidi, msimamizi hukata mwisho, na mwisho ndipo wagombea huweka ahadi zao. Kwa hiyo anza na ahadi. Huu ni mfano, na takwimu zake ni za kubuni, weka za chama chako:

"Wanachama waliolipa ada walikuwa 2,900 miaka mitatu iliyopita, leo ni 2,400. Nikichaguliwa nitashughulikia hilo. Nitapendekeza daftari lihakikiwe mwaka kwa mwaka wa kuhitimu, kila mwaka uwe na mratibu wake, na bodi ipokee takwimu za malipo kila baada ya miezi mitatu. Kazi ya kuhakiki kumbukumbu na mali nimeifanya katika vituo vingi nikiwa afisa ugavi, na nimesimamia mafunzo ya maafisa vijana wa fani mbalimbali. Uzoefu huo wa pili nataka kuutumia kuwaunganisha wahitimu wapya na walezi walio kazini. Sijawahi kushika nafasi kwenye chama. Tangu mwezi uliopita najitolea kwenye kazi ya kusahihisha daftari la wanachama. Ninaweza kuipa bodi saa kumi kila mwezi, na nitahudhuria vikao vyote vinne vya mwaka."

Tazama kilichofanyika humo. Tatizo lina namba. Hatua ni tatu na zote ziko ndani ya uwezo wa bodi. Jeshi limetajwa kwa kazi, bila vifupisho na bila majina ya kozi. Upungufu wako umesemwa na wewe mwenyewe kabla mwingine hajausema. Na muda umetajwa kwa saa, jambo ambalo wagombea karibu wote hulikwepa.

Neno moja naliomba lisionekane kabisa kwenye maelezo yako: nidhamu. "Nitarejesha nidhamu kwenye chama" ni sentensi inayowajia maafisa wastaafu kirahisi sana, na msomaji huisikia kama tuhuma kwamba yeye na wenzake wamekosa nidhamu. Sema utaratibu unaotaka kuuweka, watu watajionea wenyewe.

Usiahidi yasiyo ya bodi hii. Karo, mitaala, udahili na mabweni yako chini ya uongozi wa chuo, na mjumbe wa bodi ya chama hana kura huko. Anaweza kuahidi kufikisha hoja, kuchangisha fedha za ufadhili, au kuomba kikao na uongozi wa chuo. Wapiga kura waliowahi kukaa kwenye bodi huwapima wagombea kwa kipimo hiki kabla ya vingine.

Miezi minne, wiki kwa wiki

Wiki nne za kwanza ni za nyaraka: katiba, stakabadhi, hesabu, matokeo ya uchaguzi uliopita. Katika wiki hizo pia omba kazi ndogo ya kujitolea, na iwe ile isiyopendwa na wengi, kama kusahihisha anwani kwenye daftari au kupanga mapokezi ya mkutano. Kukosekana kwako miaka 24 ndilo jambo litakaloulizwa kwanza, na kazi iliyoonekana hujibu kuliko maelezo ya uhamisho.

Wiki ya tano hadi ya tisa, zungumza na wajumbe wawili wanaomaliza muda wao na mgombea mmoja aliyeshindwa mara iliyopita. Huyu wa mwisho atakwambia mambo ambayo washindi hawayajui. Fomu ikitoka, maliza saini, kisha irudishe wiki moja kabla ya siku ya mwisho na udai uthibitisho wenye tarehe. Kasoro ndogo, kama picha yenye ukubwa usiotakiwa au saini iliyokosekana ukurasa wa pili, hurekebishika ukiwa na siku saba na humwondoa mtu akiwa na saa mbili.

Kampeni yenyewe isizidi wiki nne. Ikirefuka watu wanachoka na wewe. Piga simu kwa wale 200, kumi kwa siku ya kazi, na umalize ndani ya wiki nne. Kwenye makundi ya WhatsApp tuma ujumbe mmoja wakati wa kutangaza, mmoja katikati, na mmoja siku kura zinapofunguliwa, baada ya kumwomba ruhusa kiongozi wa kila kundi. Ujumbe uwe wa mazungumzo. Maafisa huandika kwa mtindo wa amri, vifungu vyenye namba na "wahusika wote mnatakiwa", na raia hujibu kwa ukimya. Andika kama unavyozungumza na rafiki wa bweni: jina, mwaka wa kuhitimu, jambo moja unalotaka kulifanya, namba ya simu.

Kama kura ni za mtandaoni, jaribu kuingia siku ya kwanza. Wengi hushindwa kwa sababu kiungo kimeangukia kwenye barua taka au nenosiri limetumwa kwenye anwani ya zamani. Wapigie watu wako mapema, uwaulize tu kama wamepokea kiungo. Wasiopokea, waelekeze kwa msimamizi wa uchaguzi siku hiyo hiyo. Saa 24 za mwisho pigia tena wale tu ambao hawajathibitisha. Usimwombe mtu akutumie picha ya karatasi yake ya kura. Ni kosa katika kanuni nyingi, na ni shinikizo.

Ukialikwa kwenye mdahalo wa wagombea, tarajia maswali matatu: ulikuwa wapi miaka yote, una muda, na utafanyaje bodi ikikupinga. La kwanza lijibu kwa sentensi mbili bila kujitetea. La tatu ndilo wanalolingojea hasa kutoka kwa mtu aliyezoea kuongoza kwa amri. Jibu sahihi linatokana na jinsi bodi inavyofanya kazi: mjumbe mmoja hana mamlaka yoyote nje ya kikao. Hawezi kumwagiza katibu mtendaji, hawezi kusema kwa niaba ya chama, na mwenyekiti mwenyewe anaongoza mjadala tu. Hoja hutolewa, huungwa mkono, hujadiliwa, hupigiwa kura. Aliyeshindwa anaweza kutaka pingamizi lake liandikwe kwenye kumbukumbu, kisha anatekeleza uamuzi. Kanuni za mikutano zinazotumiwa na vyama vingi hadi leo ziliandikwa na mwanajeshi, Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, na zilichapishwa mwaka 1876, miaka kadhaa baada ya yeye kuombwa kuongoza mkutano wa kanisa uliomshinda. Pata kanuni za vikao za chama chako uzijue kabla ya mdahalo. Watu wataona.

Jihadhari na mwaliko wa kuungana na kundi la wagombea wenye bango moja. Unakuletea kura zao, lakini pia maadui zao, na mgeni kwenye chama hajui ugomvi ulianza wapi. Kwa uchaguzi wa kwanza ningesimama peke yangu.

Matokeo yakitoka

Ukishindwa kwa kura chache, omba mchanganuo na, kama kanuni zinaruhusu, hesabu irudiwe ndani ya muda uliowekwa; kwa vyama vingi ni siku chache tu. Tafuta pia kama kuna kifungu kinachosema aliyefuata kwa kura anajaza nafasi mjumbe akijiuzulu. Kipo kwenye baadhi ya katiba, na wajumbe hujiuzulu. Kazi ya kusahihisha daftari endelea nayo.

Ukishinda, kabla ya kikao cha kwanza omba kumbukumbu za vikao vya miezi 12, bajeti ya mwaka na nakala ya bima ya wajumbe kama ipo, kwa kuwa baadhi ya madeni ya chama yanaweza kuwagusa wajumbe binafsi. Jaza tamko la maslahi. Kama unashauri kampuni yoyote inayouza kitu kwa chuo au kwa chama, iandike, na hoja yake ikija toka nje ya chumba. Huenda wakakupa uweka hazina papo hapo kwa sababu umetoka kwenye ugavi. Omba kwanza mwaka mmoja kwenye kamati ya ukaguzi. Ukiwa huko utajua ni nani anaidhinisha malipo, ni nani anasaini hundi, na kama ni mtu yule yule.